Chumba cha Tambarare kwa Mzee Magesa

Hivi ninyi vijana, mtu akikupeleka kuona chumba, cha kwanza unaangalia nini?

Najua. Taili. Mnaangalia taili, mnaangalia dari kama ina taa za rangi, mnapiga picha, mnamtumia rafiki, rafiki anajibu kwamba chumba ni kikali, basi mmeshapanga. Mvua ya kwanza ikinyesha mnanipigia mimi simu. Bibi, maji yameingia mpaka chini ya kitanda. Sasa hayo maji mimi niyafanye nini, nije niyanywe?

Mimi nimekuwa dalali wa vyumba hapa Mabatini, Mwanza, tangu mama zenu wanatambaa. Nimeacha kwa ajili ya magoti, siyo kwa ajili ya kuchoka kusema. Kusema sijachoka. Niliowachoka ni watu. Nimewachoka wenye nyumba, nimewachoka wapangaji, wote sawasawa, na bado nawapenda, ndiyo shida yenyewe.

Sikilizeni. Chumba unakwenda kukiona mvua inanyesha. Ukikiona jua linawaka umeona ukuta tu. Ukiingia uani usimtazame mwenye nyumba, maana siku hiyo atacheka kuliko siku zote za maisha yake. Tazama kamba ya nguo. Nguo zikiwa zimebanana upande mmoja, na upande wa pili kamba haina hata soksi, ujue hapo wapangaji wamegombana na kamba imegawanywa. Halafu tafuta mtoto mdogo umuulize maji. Mtu mzima atakwambia maji yanatoka. Mtoto atakwambia yeye huwa anaamshwa kwenda kuchota wapi. Hayo alinifundisha marehemu Mama Kabula, aliyeianza kazi hii kabla yangu, na nikisahau alikuwa ananipiga kwenzi, mimi mtu mzima mwenye watoto wangu.

Na mpime kitanda chenu. Mnajua kwetu nyumba zimepanda juu ya mawe kama mbuzi. Nilishampeleka kijana mmoja kutoka Misungwi, kachukua chumba kizuri huko juu, ziwa lote analiona akiwa amelala. Siku ya kuhamia kaja na kitanda cha mninga alichopewa na baba yake, kipana kama uwanja. Tulipofika pale njia inapopita katikati ya mawe mawili, kitanda kikakataa. Tukakigeuza, tukakisimamisha, tukakilaza ubavu. Watu wa juu hawawezi kushuka, watu wa chini hawawezi kupanda, kitanda kimekaa katikati kama bwana harusi. Mwisho aliitwa fundi na msumeno. Yule kijana alilia machozi kabisa, na mimi ndiye niliyetukanwa, eti dalali ndiye angepaswa kujua ukubwa wa kitanda cha watu.

Sasa katika mambo yote aliyonifundisha Mama Kabula, kuna moja hakunifundisha. Kumuuliza mwenye nyumba anasali siku gani.

Mwenye nyumba huyo alikuwa Mzee Magesa, na nilikuwa namjua. Mtu wa Majita, fundi wa mitumbwi zamani, mrefu, mkavu, anavaa suruali iliyonyooshwa hata akiwa anafagia. Na nilijua anasali Jumamosi, maana mtaa mzima unajua. Ila mimi ni Mkatoliki, nilichukulia kwamba mwenzangu Jumamosi anakwenda kusali kama mimi ninavyokwenda Jumapili, halafu anarudi anakula ugali wake na maisha yanaendelea. Sikujua kwamba ile siku kwake inaanza Ijumaa jua likizama, na kuanzia hapo mpaka jua la kesho yake lizame, usimtajie hela, usimtajie mkataba, usimtajie hata bei ya nyanya.

Mteja wangu alikuwa Mwalimu Adela, Mhaya, binti mpole, amehamishwa kutoka shule moja huko Sengerema kuja hapa mjini. Hakuhangaikia chumba kwa ajili yake. Alihangaika kwa ajili ya mama yake. Mama yake aliteleza mgombani kwao Bukoba akavunjika nyonga, akapasuliwa, akachukuliwa na binti yake, akawa anatembea kwa fimbo hatua za kuhesabu, na kliniki yake ilikuwa hapa. Ngazi hawezi. Jiwe hawezi. Daktari amesema akianguka tena hatainuka.

Sasa niambieni, Mabatini, mtu asiyeweza jiwe unampeleka wapi? Sehemu zote za tambarare watu wametoboa fremu za maduka. Nilizunguka na Mwalimu Adela mpaka viatu vyake vya shule vikaachama. Kila chumba alichokipenda, akigeuka anaona ngazi, anatoka. Kuna mwenye nyumba mmoja alimwambia tutamfunga mama kamba tumvute, akidhani ni utani. Binti aliondoka bila kuaga.

Ndipo nikakumbuka banda la uani kwa Mzee Magesa. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, unaingia kutoka barabarani bila kupanda hata kizingiti, na choo cha kukaa kipo ndani. Alimjengea mama yake mzazi. Mama alipofariki akalifunga, na kila tuliyempeleka alimkataa. Huyu anacheka sana. Huyu anaonekana ana redio. Dalali mwenzangu Bariki, kijana wa pikipiki anayejua kila nyumba kabla mwenye nyumba hajaijua, alishampelekea watu akachoka.

Nilikwenda mwenyewe nikamweleza habari za nyonga. Akaligeukia lile banda, akasema mlete. Nikamwambia kodi tunaweza kukutumia kwenye simu leo hii, akakataa. Hela ya simu haina uso, akasema. Yeye anataka mpangaji amwone na yeye amwone. Waje Ijumaa kabla jua halijazama, walipe, wachukue ufunguo. Wasipofika, Jumamosi jioni sabato ikiisha, atampa atakayewahi, maana Bariki naye ana mtu wake wa duka la simu anataka kufanya stoo, na yuko tayari kulipa kwa mwaka mzima.

Nikasema Ijumaa ni Ijumaa, tutafika mchana.

Mnacheka. Nyie mnaijua njia ya Kamanga, ya kungoja kivuko.

Mwalimu Adela alikodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kakapakiwa vitanda, magodoro, madumu, mikungu ya ndizi, na mama mtu mbele pamoja na dereva. Wakafika kivukoni mapema kabisa. Halafu lori la mihogo likazima pale pale pa kuingilia chomboni. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Mimi niko huku upande wa mjini nimesimama kwenye jua nasubiri, napiga simu, Mwalimu ananiambia bado bibi, wanalisukuma. Napiga tena. Bado wanalisukuma. Mpaka nikaanza kulichukia lile lori kama mtu aliyenikopa.

Walipovuka, jua lilikuwa limeshalala juu ya maji. Nikajibana mle kwenye kirikuu juu ya magodoro, nikamwambia dereva kanyaga. Akakanyaga. Tulipopinda kuingia kwa Mzee Magesa niliwasikia wanaimba. Mlango wa sebule uko wazi, familia nzima imekaa, vitabu mkononi, wanaifungua sabato. Na ufunguo wa lile banda nauona kwa macho yangu, umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kamba yake nyekundu.

Nikasubiri wimbo uishe. Nikabisha hodi kwa adabu. Mzee akatoka.

"Mama Shija, jua limezama," akasema.

Nikamwambia mzee, limezama sasa hivi, bado hata joto lake lipo. Akasema limezama. Nikamwambia basi hela usiipokee, nipe ufunguo tu, hela utachukua kesho jioni. Akasema ufunguo na hela ni kitu kimoja. Nikamwambia wewe ni mtu wa Mungu, utamwacha mgonjwa nje. Akaniangalia kwa huzuni kama daktari, akasema hayo hakuyapanga yeye. Jamani, nilitamani kulia. Mwenye nyumba mbaya nina maneno yake. Mwenye nyumba mwema anayekukatalia kwa upole, huyo unamfanyaje?

Dereva naye anapiga honi, anataka kurudi. Mwalimu Adela amesimama na pochi mkononi.

Hapo ndipo yule mama akashuka. Hakuna aliyemwambia ashuke. Jina lake Koku, na kwao mama mtu mzima wanamwita Ma, basi tukamwita Ma Koku. Alishuka polepole, fimbo kwanza, mguu mzima, halafu ule mguu mbovu, akajifunga vizuri kitenge chake. Akasogea mpaka kwa Mzee Magesa. Kisha, kwa desturi yao, akaanza kupiga goti ili amsalimie mwenye mji. Na nyonga ile.

Mzee Magesa aliruka. Sijapata kumwona mzee yule akiruka. Akamdaka mkono, akasema, "Hapana mama, hapana. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Ma Koku. "Habari za watoto?"

Mimi nikajua hapo kuna kitu kimeharibika kwenye biashara. Mzee Magesa amezoea mpangaji ampe yeye shikamoo. Mpangaji unayempa wewe shikamoo, kodi utamdai kwa sauti gani?

Mke wake, Mama Nyanjige, mwanamke mfupi mwenye akili nyingi, akatokea kwa nyuma akifuta mikono. Akamtazama mume wake, akatutazama sisi. Akasema mpangaji haingii sabato, hilo sawa, lakini huyu siyo mpangaji, huyu ni mgeni, na mgeni anaingia siku yoyote. Akamshika Ma Koku mkono, akampeleka sebuleni. Mzee akawapisha mlangoni. Mizigo tukaishusha mimi na dereva na Mwalimu, tukaipanga barazani, maana watu wa nyumba ile wasingeweza kubeba siku ya sabato. Mama Nyanjige alitusimamia akituonyesha pa kuweka kwa kidevu.

Usiku ule wakalala sebuleni kwa watu. Mimi nikapanda kwangu mlimani nikiwa na hasira mpaka nikasahau kula.

Kesho yake asubuhi nikarudi mapema. Kwa nini? Kwa sababu namjua Bariki. Bariki ukimpa upenyo wa sindano anapitisha pikipiki. Nikaona wanajiandaa kwenda kusali, Mwalimu Adela naye amealikwa, nikasema na mimi nakwenda. Mama Nyanjige akaniazima kofia. Ndiyo, nilikaa kanisani kwa watu Jumamosi asubuhi nzima na kofia ya zambarau, na nilikaa nyuma kabisa ili nimwone Mzee Magesa kichogo, asije akatoka akakutana na mtu wa stoo. Mahubiri yalikuwa mazuri. Sikusikia hata neno moja.

Ma Koku tulimwacha nyumbani kwa ajili ya mguu. Aliachiwa chai, akaambiwa apumzike. Mtu mzima, mgonjwa, yuko peke yake, unadhani atafanya nini? Atalala. Kila mtu alidhani atalala.

Tulirudi mchana, na Mzee Magesa akawa amealika wazee wenzake wa kanisa waje kula. Watu wa heshima, makoti, Biblia kwapani. Mzee ndiye aliyefungua mlango. Akasimama. Wazee wakamgonga mgongoni kwa nyuma.

Sebule nzima ilikuwa ya kijani. Majani mabichi, yamelazwa upande mmoja, vizuri, kutoka mlangoni mpaka chini ya kabati, yananukia kama shamba baada ya mvua. Viti vimesogezwa ukutani. Na katikati amekaa Ma Koku amenyoosha mguu, kisu cha jikoni pembeni, anatabasamu kama mtu aliyewapikia sherehe.

Kwao Bukoba, sikukuu ikifika, nyumba inatandazwa nyasi. Krismasi, Pasaka, watoto wanaenda kukata nyasi wanaleta, nyumba inakuwa mpya. Huyu mama kalala kwa watu, kaona nyumba imesafishwa, chakula kimepikwa siku moja kabla, nguo zimepigwa pasi, akajua hii ni sikukuu yao kubwa. Akajiburuza kwa makalio mpaka nyuma ya nyumba kwenye mfereji, akakata nyasi asubuhi nzima, akazivuta ndani kwa kitenge. Nyonga ile ile.

Na majirani wote walikuwa wamemwona. Mtu anafyeka siku ya sabato, uani kwa mzee wa kanisa.

Mzee mmoja wa makoti akauliza kwa sauti ya chini, "Magesa, nani amefanya kazi hapa leo?"

Mwalimu Adela alijishika kichwa. Mimi nilihesabu mizigo barazani kwa macho, nikaanza kufikiria nitampata wapi dereva wa kirikuu mwingine.

"Ni mimi," akasema Ma Koku. "Siku ya Mungu kwetu hatukanyagi sakafu tupu. Mmenilaza kwenu, nami nimewatandikia. Karibuni."

Hakuna aliyeingia. Mimi nasema kweli, nimesimama kwenye milango mingi ya watu, milango ya ugomvi, milango ya kufukuzana, lakini mlango kama ule sijauona tena. Mzee Magesa shingo imemtoka mishipa. Akikanyaga zile nyasi, ameikubali ile kazi mbele ya wenzake. Akiziondoa, naye atakuwa amefanya kazi.

Mama Nyanjige ndiye aliyevua viatu. Akaviweka nje vizuri, kimoja na kingine, akaingia pekupeku juu ya nyasi, taratibu, akafika kwa Ma Koku akamwambia asante mama. Basi. Wazee wakatazamana, wakaanza kuvua viatu, mmoja soksi yake ina tundu akawa anaficha kidole. Tukala tumekaa chini juu ya nyasi, wote, na makoti yao. Mzee Magesa alitazama sahani yake tu tangu chakula kilipoingia mpaka vyombo vilipotoka.

Jioni Bariki akaja. Si nilisema. Kaja na mtu wake wa duka la simu, wamepaki pikipiki getini, wanasubiri jua. Mimi na kofia yangu ya zambarau nimesimama upande wa pili wa geti, na mimi nasubiri jua. Madalali wawili tunalitazama jua kama tumelikodisha.

Sasa pale kwa Mzee Magesa magharibi kuna mlima wa mawe. Jua likaingia nyuma ya jiwe. Bariki akasema haya, limezama, akataka kuingia. Nikamzuia, nikamwambia limejificha, halijazama, kazame wewe. Akasema bibi usinichezee, giza hilo. Nikamwambia hicho ni kivuli cha jiwe. Tukabishana pale mpaka yule mteja wake akaanza kutafuta kwenye simu jua la Mwanza linazama saa ngapi. Ndani wakaanza kuimba wimbo wa kufunga sabato. Tukaugeukia mlango wote wawili.

Mzee akatoka. Ufunguo umo mkononi, ile kamba nyekundu inaning'inia. Bariki akasogea na mteja wake, bahasha mkononi, akasema shikamoo mzee, mwaka mzima, taslimu. Mimi nikamsukuma Mwalimu Adela mbele, naye pochi ikamwanguka.

Mzee Magesa akanitazama mimi.

"Mama Shija, yule mama hawezi kuwa mpangaji wangu."

Mwalimu Adela akainama kuokota pochi yake na hakuinuka, alibaki amechuchumaa pale pale.

"Mpangaji nikimwambia asifanye kitu, asifanye," mzee akaendelea. "Yule nitamwambia nini? Nilimpa shikamoo mwenyewe. Amenitandikia nyumba. Nimekula juu ya nyasi zake na wazee wenzangu." Akahema. "Kodi nitachukua kwa huyu binti. Mkataba uandike jina la huyu binti. Mama usimwandike. Yeye ni mgeni."

Bariki akauliza hata kama ni mwaka mzima. Mzee akasema hata kama.

Mwalimu Adela aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, bado amechuchumaa.

Mnadhani hapo kazi yangu iliisha? Wapi. Mpangaji akivunja dirisha nalijua la kufanya. Mgeni asiyeondoka sijawahi kufundishwa. Simu zilianza wiki ile ile. Mama Shija njoo uongee na mgeni wako, amepanda migomba mbele ya dirisha langu. Nikienda, Ma Koku ananiambia mwanangu ule uwanja ulikuwa unalia. Mama Shija njoo, mgeni wako amemwambia seremala wangu kiti alichotengeneza hakina adabu. Mama Shija, anamlisha paka. Nilipanda na kushuka mlima ule kwa ajili ya watu wawili wasiodaiana chochote. Siku moja nimefika nahema, nikawakuta wote wawili barazani wanakula ndizi, wananiuliza kwani nimekuja kufanya nini. Magoti yangu haya, nusu yameishia pale.

Na kila Ijumaa kabla ya jua kuzama, nyasi mpya sebuleni kwa Mzee Magesa. Walishakubaliana zikatwe mchana. Hilo nalo mimi ndiye niliyetumwa kulizungumza.

Sasa miaka imekwenda. Mzee Magesa na mkewe wamerudi Majita kupumzika. Nyumba imebaki mikononi mwa wanawe wa kiume, vijana wazuri, wanasali kama baba yao, sabato yao hawaigusi. Ila ni vijana wa leo. Wanalitazama lile banda wanaona fremu. Limekaa barabarani, tambarare, wanasema, linapotea bure. Mwalimu Adela wamemwambia atafute kwingine. Na Ma Koku sasa hatoki tena bila kushikwa, kutoka kitandani mpaka mlangoni ndiyo safari yake, na huko kwingine mnakujua, ni mawe.

Na kazi ya kutafuta mtu wa fremu wamempa nani? Mjukuu wangu Minza. Huyu huyu niliyemlea, ana simu yake, anarusha picha za vyumba, watu wanampigia kutoka Dodoma. Alikuja kunisimulia kwa furaha, bibi nimepata tenda kwa kina Magesa. Nikamwambia kaa chini. Nikamsimulia yote niliyowasimulia ninyi, na kofia ya zambarau. Alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Halafu akaacha kucheka.

Akaniambia bibi, mimi siwezi kuikataa kazi, nikiikataa wataenda kwa Bariki, na Bariki ataimaliza kesho. Nikamwambia najua. Akasema na wateja wapo wengi, siwezi kuwaficha. Nikamwambia najua mama. Akawa anaizungusha ile simu yake mkononi, anafikiri. Nikaona uso wa Mama Kabula kabisa, wallahi, na hata si ndugu yake.

Akanisogelea, akanishika goti hili linalouma.

"Bibi," akasema, "nakuahidi. Ma Koku akiwa bado yupo mle ndani, kila mteja wa ile fremu nitampeleka mimi mwenyewe kwa kina Magesa. Nitampeleka Ijumaa, jua likishazama."